Mshindi Asiyeitwa kwa Jina

Vijana wangu wa sauti, mmeniomba niandike kabla sijasahau, kana kwamba kustaafu ni ugonjwa wa kichwa. Haya, nimekubali, ila vyeo na mishahara hamtavikuta humu. Vyeo vyangu vilikuwa viwili tu, "wewe wa maiki" na baadaye "mzee wa maiki", na mishahara mnaijua maana ni hiyo hiyo mnayolalamikia. Nitaandika kazi. Na zaidi ya yote nitaandika ile siku ya tuzo za filamu hapa kwetu Karatu, kwa sababu hadi leo nikiikumbuka moyo unaniruka na chai inapoa mbele yangu.

Jambo moja mapema. Mwigizaji mkuu wa filamu yangu ya mwisho nitamwita Baba Nashipai toka mwanzo hadi mwisho. Jina lake lingine mnalijua, lilikuwa kwenye mabango barabara nzima. Msinisahihishe, nafanya makusudi.

Nilianza kwa Bwana Felisiani, fundi redio aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Alikuwa amenunua kamera ya video kutoka kwa mtalii aliyechoka kuibeba, akaamua kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni mtu wa sinema. Kazi yenyewe ilikuwa kwaya na harusi. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kanisani asubuhi kabla wanakwaya hawajafika, akaniketisha kwenye benchi, maiki akabaki nayo mkononi.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Sisikii kitu. Watu hawajafika."

"Toka nje, uingie tena."

Nikatoka, nikaingia. Akauliza tena, nikajibu vilevile, akanitoa tena. Safari iliyofuata nilikaa nikiwa nimeudhika, na hasira ile ndiyo iliyonifungua masikio. Nikasikia bati likilia kwa jua. Nikasikia nyuki darini, na mtu anayepasua kuni nyuma ya nyumba ya katekista. Nilipomtajia hayo yote Bwana Felisiani alinipa maiki bila neno la pongezi. "Nilidhani masikio yako ni ya kuning'inizia hereni," alisema, na kwa yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kutoka kwake ndiko nilikopata desturi ambayo wengi wenu mnaicheka: kurekodi kimya cha mahali kabla mtu hajafungua mdomo. Kimya cha Karatu si kimya cha Olbalbal. Cha Karatu kina pikipiki kwa mbali, kina jogoo asiyejua saa, kina gari la watalii linalopanda mlima kwa gia nzito. Cha Olbalbal, kule nyandani Ngorongoro, kina upepo na vumbi linalosugua majani makavu. Ukikata maneno ya mtu ukaacha pengo tupu, mtazamaji atashtuka bila kujua kilichomshtua. Rekodini kimya, jamani. Hakuna anayekidai.

Baada ya kwaya wakaja watu wa filamu za wanyama, na mimi nikaenda nao Ngorongoro kubeba maboksi, kisha kubeba maiki. Upepo wa Olbalbal ulinidhalilisha. Sponji zao za kuvika maiki zilikuwa za nchi ambako upepo unabisha hodi. Nikashona kifuniko cha ngozi ya mbuzi yenye manyoya marefu, na upepo ukanyamaza. Tatizo likawa beberu mmoja wa boma tulilofikia, aliyeiona ile maiki ikipita juu ya fimbo yake akaamua ni mpinzani. Aliipiga kichwa mbele ya mgeni aliyekuwa akihojiwa kwa heshima zote. Huko Kakesio fisi alikula waya wangu mrefu kuliko wote, na kwenye ripoti niliandika kwamba umepotea, maana ofisi ya watu wale ilikuwa mbali sana na fisi.

Miaka ikaenda hivyo. Nilipofika kwenye filamu ya mwisho nilikuwa tayari na mvi, na goti moja lilikuwa limeshaanza kutoa sauti yake, ambayo niliirekodi kwa bahati mbaya mara kadhaa.

Filamu ilikuwa ya mfugaji anayewatoa ng'ombe wake Kakesio wakati wa ukame, akivuka nao nyanda za Olbalbal kutafuta maji. Mwigizaji mkuu aliyetoka mjini aliogopa ng'ombe. Nasema aliogopa, ingawa yeye alisema ana mzio. Mtu aliyekuwa amekodiwa pamoja na ng'ombe wake, ili awashike nyuma ya kamera, alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, mkavu, mwenye mzaha. Siku moja dume wake alikataa kusogea, na yule mtu akaanza kumgombeza. Alimkumbusha mambo aliyomfanyia tangu akiwa ndama, akamwuliza kama anadhani amelelewa na mvua. Sisi sote tukaacha kazi tukamsikiliza. Mwongozaji wetu, Anjela wa Arusha, akamwambia mpiga kamera awashe taratibu. Siku hiyo hiyo mwenye mzio akarudi mjini, na mwenye ng'ombe akawa mwigizaji. Huyo ndiye Baba Nashipai.

Siku ya kwanza nilimvisha hedfoni ili asinishangae kila nikizivaa. Nikaielekeza maiki kwa ng'ombe aliyelala mbali akicheua. Macho yakamtoka.

"Baba Ester," akaniambia, maana mimi huko wananiita kwa mwanangu wa kwanza, "huyu nimeishi naye miaka yote, na sijawahi kumsikia akila."

"Nirudishie sasa, tuna kazi."

"Kazi ngoja. Nipeleke kwa yule mwekundu."

Tukawazungukia ng'ombe karibu wote, yeye mbele amevaa hedfoni zangu, mimi nyuma na fimbo ya maiki, Anjela akitutukana kutoka kwenye gari. Nampenda mtu yule. Naandika "nampenda" na sitaki kubadilisha.

Nyumbani lakini hakueleweka. Wanarika wenzake, wanaume waliotahiriwa pamoja naye na kukua naye, walimcheka. Mtu mzima anaambiwa na msichana wa Arusha, "Rudia, tembea tena", naye anarudia! Walimwita mtoto wa kamera. Yeye alicheka nao, lakini mkewe hakucheka. Mama Nashipai alinieleza mwenyewe siku tulipofunga kazi: "Wanamwona anacheza. Hawamwoni anafanya kazi."

Filamu ikakamilika, ikaonyeshwa, ikasifiwa. Kisha Baba Nashipai akaugua ghafla, na kabla masika hayajaisha alikuwa ametutoka. Hakujua kwamba ameingizwa miongoni mwa wanaowania tuzo ya mwigizaji bora wa kiume.

Sasa niingie kwenye tuzo, nimejizuia vya kutosha.

Sherehe zile hufanyika kwenye miji mikubwa. Mwaka ule waandaaji wakaamua kuzileta Karatu, kwa sababu filamu kadhaa zilikuwa zimepigwa huku na wenye hoteli za kitalii walitaka wageni wa kipindi cha baridi. Mji ulipata wazimu. Saluni zilijaa tangu alfajiri, bodaboda walifunga riboni, mama wa maandazi karibu na stendi alibandika picha ya mwigizaji asiyemjua kwenye kabati lake la kioo. Turubai kubwa lilisimamishwa kwenye kiwanja cha hoteli moja, pembeni ya shamba la kahawa. Wakatandika zulia jekundu kutoka getini, na kwa kuwa udongo wetu nao ni mwekundu, mtu hakuweza kujua zulia limeanzia wapi. Wasanii kutoka Dar walishuka na magauni ya mgongo wazi. Jua lilipoanza kuinama wakaanza kuulizia mashuka ya Kimasai, na vijana wa soko waliuza mpaka yale waliyokuwa wamevaa.

Mimi nilipewa sauti ya ukumbi. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kukabidhi vifaa, na pia nilikuwa nawania tuzo ya sauti bora, hivyo nilikuwa na presha mbili. Nilitundika maiki za kupokea watu, moja mbele, moja katikati na moja nyuma kabisa, ili wanaotazama kwenye simu wasikie ukumbi ukishangilia. Halafu nikarekodi kimya cha turubai. Mafundi kutoka Dar walitazamana.

Mchana kulikuwa na mazoezi. Aliyesimamia jukwaa alikuwa Rehema, binti wa Dar, mwepesi wa miguu, mwenye kauli ya amri na moyo mzuri. Mshereheshaji alikuwa kijana anayejiita MC Shamra, na kama hamjamwona kazini mmekosa kitu. Yeye ana namna yake, ambayo watu huja kwa ajili yake. Akitangaza mshindi hulivuta jina lote, kisha ananyamaza, na ukumbi unalichukua. Watu wanaliita jina hilo kwa pamoja, wanaita, wanaita, hawaachi mpaka mwenye jina apande jukwaani. Hata mshindi akiwa msalani wataita mpaka atoke.

Mama Nashipai alifika wakati wa mazoezi na binti yake Nashipai, aliyekuwa sekondari, ili waonyeshwe viti vyao. Nilikwenda kuwasalimu. Alikuwa amevaa shanga zake zote kubwa na shuka jipya la buluu, akaniuliza habari za goti langu. Wakati huo huo MC Shamra, jukwaani, alikuwa anapitia wanaowania. Akafika kwenye jina la Baba Nashipai, akalivuta kama kawaida yake, na mafundi wawili watatu wakalidaka kwa mzaha wakaanza kuliita.

Mama Nashipai aliinuka, akatoka nje. Hakukimbia.

Nilimfuata Nashipai mlangoni. "Kuna nini, binti yangu?"

"Babu, kwetu mtu akishaondoka haitwi jina lake," akasema. "Siku hizi wengine hawajali, hata kanisani wanasoma. Ila mama anashika, na ukoo wetu unashika. Sisi tukimtaja tunasema baba Nashipai tu, au yule wa kwetu."

Mama yake alikuwa amesimama kwenye mibuni, mgongo kwetu. Nilimwendea, nikamwomba radhi kwa niaba ya wote.

"Sijakasirika, Baba Ester. Nyinyi hamkujua," akasema. "Sura yake nitaiangalia. Sauti yake nitasikia, nitasema yuko machungani. Jina ndiyo hapana. Yule kijana anaita, na watu wanaita mpaka mtu apande. Sasa wakimwita yeye? Wataita mpaka lini?"

Nikamwuliza kama anataka gari la kumrudisha.

"Hapana, nimekuja. Nataka kusikia watu wakimpigia makofi. Na wale wanarika wake wamepanda lori wanakuja, nataka na wao wasikie. Nitakaa karibu na mlango. Nikisikia anaitwa, nitatoka, nitaenda nyumbani, na hiyo tuzo wapeni watu wengine. Msinifuate."

Nilirudi ndani nimejaa wasiwasi. Rehema alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwa siku ile lilikuwa zawadi.

"Mzee Bura, shikamoo kwanza, maana leo nilikuwa sijakuamkia."

"Marahaba. Tufanyeje?"

"Kwenye skrini tutalifuta. MC asome 'Baba Nashipai'. Hilo naweza." Akajikuna kichwa. "Ila bahasha ya mshindi siwezi kuifungua, iko kwa majaji, na humo wameandika jina kamili. Kama ni yeye."

Akaitwa MC Shamra, akaelezwa. Nilitegemea ubishi, nikakuta kijana amekaa juu ya spika.

"Dah, mzee wangu. Na mimi nimelivuta vile mbele yake."

"Hukujua. Jioni utaweza?"

"Mimi nitaweza, hata bahasha iandikweje. Shida ni watu. Jina liko kwenye mabango toka Makuyuni mpaka hapa. Nikiwaambia 'jamani msiite', ndiyo nimewakumbusha kuita. Na nisiposema, wataita wenyewe, mimi ndiye niliyewazoesha."

Alikuwa sahihi. Tulikubaliana tufanye tunayoyaweza. Rehema akahamisha viti viwili karibu na mlango wa pembeni.

Jioni turubai lilijaa hadi watu wakasimama. Na nasema wazi, licha ya wasiwasi ule nilikuwa na furaha ya ajabu. Nimekaa nyuma ya mashine za sauti maisha yangu yote, lakini sijawahi kusikia Karatu ikijipigia makofi namna ile. Mwigizaji bora wa kike alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mbulu, aliyepanda jukwaani na viatu mkononi kwa sababu visigino vilizama kwenye nyasi. Alimshukuru Mungu, mume wake, fundi cherehani wake na kila darasa alilowahi kufundisha, hadi muziki wa kumtoa ukapigwa, naye akaucheza. Ukumbi ulimwita jina mpaka turubai likatikisika. Filamu bora ilikwenda kwa kijana aliyepiga picha duka la baba yake hapa hapa mjini, na baba alipanda kabla ya mwana. Tuzo ya sauti ilikwenda kwa filamu ya kutoka kanda ya ziwa. Niliisikiliza baadaye bila kinyongo hata kidogo, na jenereta linasikika vizuri sana.

Kisha ikaja zamu ya mwigizaji bora wa kiume. Nikavaa hedfoni. Mkono mmoja niliuweka kwenye swichi ya maiki ya MC, niizime akiteleza. Mama Nashipai alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa pembeni, Nashipai amemshika mkono. Nyuma kabisa, karibu na maiki yangu ya mwisho, walisimama wanarika wa Baba Nashipai na fimbo zao, vumbi la lori likiwa bado kwenye nywele.

MC Shamra akasoma wanaowania. Wanne kwa majina yao, na wa tano akasema, "Baba Nashipai". Kukawa na minong'ono ya kuulizana. Lakini skrini ikamwonyesha anamgombeza yule dume, akimwuliza kama alilelewa na mvua, na minong'ono ikageuka kicheko, kicheko kikageuka makofi. Nilimtazama mkewe. Alikuwa anatabasamu na kulia kwa wakati mmoja.

Bahasha ikafunguliwa. MC Shamra akaangalia karatasi. Mdomo ukafunguka. Kidole changu kilikuwa tayari.

"Mshindi," akasema. "Mshindi ni Baaaaba Nashipai!"

Mungu wangu! Watu waliruka. Anjela alipanda juu ya kiti na gauni lake refu. Mimi mwenyewe nilipiga meza hadi mshale wa sauti ukagonga mwisho, kosa ambalo ningewafokea ninyi wiki nzima. Tulikuwa tumeshinda, na yeye alikuwa ameshinda, mtoto wa kamera!

Halafu MC Shamra akanyamaza, kwa mazoea tu, kama anyamazavyo siku zote. Na ukumbi ukalipokea pengo lile. Katika hedfoni nilisikia kwenye maiki ya mbele vijana wachache wakianza, wakivuta pumzi, wakilianza jina lile lingine, lile la mabango. Silabi ya kwanza tu. Wengine wakawa wanajiandaa kulidaka. Kuzima maiki ya MC kusingesaidia chochote, maana midomo ya watu haina swichi.

Mama Nashipai alikuwa ameshasimama. Alijifunika shuka kichwani, akageukia mlango.

Hapo ndipo niliposikia sauti nzito kwenye sikio la kushoto, kutoka kwenye maiki ya nyuma. Mmoja wa wanarika, mwanamume mnene ambaye wakati wa filamu alikuwa mcheshi mkuu wa kumdhihaki rafiki yake, aliona yule mama anaondoka. Akaita kwa nguvu zake zote, kwa Kimasai, "Ng'oto Nashipai!" Maana yake mama Nashipai. Na wenzake wakaitikia, "Ng'oto Nashipai!", na fimbo zikagonga chini.

Ninyi mnajua jambo hili, na kama hamjui andikeni: ukumbi hufuata sauti inayotoka kwenye spika. Watu hawachagui, wanaifuata. Niliizima maiki ya mbele, nikaipandisha ya nyuma hadi juu na kuifungulia kwenye spika zote za turubai. Zikapiga mluzi kidogo, nikazituliza kwa kidole. Na sauti za wale wafugaji, zilizotakiwa kwenda kwenye simu tu, zikajaa turubai lote.

Vijana wa mbele wakajikatiza katikati ya lile jina. Wakasikiliza. MC Shamra, Mungu ambariki, alielewa kabla ya mtu yeyote. Akarukia ukingo wa jukwaa, akainua mikono, akavuta kwa Kiswahili kwa namna yake yote: "Maaaama Nashipai!"

Na watu wakaita. Mama Nashipai! Mama Nashipai! Waliita wauza mashuka waliokuwa getini, akaita mwalimu wa Mbulu, viatu mkononi, waliita wapishi wa hoteli walioacha masufuria. Rehema alikuwa nyuma ya pazia la jukwaa, amesahau kazi yake, anaita. Nashipai, binti mwenyewe, alisimama juu ya kiti, anaita na machozi yanamtiririka, anamwita mama yake kwa jina lake yeye.

Mama Nashipai alisimama mlangoni, mgongo kwetu. Nje kulikuwa na baridi na njia ya kwenda barabarani. Sikujua atafanya nini, na sikuwa na kitu kingine mkononi cha kumsaidia. Wao hawakuacha. Waliita kwa furaha, bila kuchoka, jina la mtu aliyekuwepo, anayesikia na anayeweza kuja.

Akageuka. Akateremsha shuka mabegani. Akapita katikati ya viti taratibu, shanga zikilia, na nilizisikia zote kwenye hedfoni, kila hatua, ingawa kelele zilikuwa kubwa kiasi kile. Alipofika jukwaani MC Shamra hakumnyooshea mkono. Aliinamisha kichwa chake chenye rangi za saluni, kama mtoto wa Kimasai anavyomwamkia mtu mzima, na mama akamgusa utosini kwa kiganja. Kisha akapokea tuzo, akaitazama mbele na nyuma.

Turubai likanyamaza lenyewe. Nilikuwa nimeshakirekodi kimya cha mahali pale mchana, lakini hiki kilikuwa kingine. Nashipai akapewa maiki atafsiri. Mama yake akasema maneno machache kwa Kimasai, na binti alipotaka kuyageuza kwa Kiswahili akajificha uso begani kwa mama yake. Basi mama akaichukua maiki mwenyewe, akaishika mbali na mdomo kama wote wanaoishika mara ya kwanza. Nikaipandisha sauti polepole hadi nikampata.

"Mmeniita," akasema. "Nimekuja."